Salamu Isiyojibiwa

Nanyamba ipo juu ya uwanda wa Makonde, katika mkoa wa Mtwara, penye mikorosho na mihogo, bahari ikiwa mbali nayo upande wa mashariki na mto Ruvuma ukipita kusini yake. Huko, kama ilivyokuwa kwa Wamakonde kwa jumla, ukoo ulihesabiwa tangu kale kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa mjomba wake kabla ya kuwa wa baba yake. Na mjomba ni nani ila ni kaka wa mama? Kwa hivyo utu wa mwanamume ulipimwa kwa namna alivyomtunza dada yake na wana wa dada yake. Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kila kijiji kilikuwa na mkubwa wake. Walakini udugu wa kaka na dada ulikuwa kwao na uzito ambao kwingineko hupewa kiti cha enzi.

Ni vyema mtu aketi hapo, chini ya mkorosho, aitazame nyumba nyingine iliyokuwa na kiti cha enzi hasa: nyumba ya Al Busaidi ya Unguja, katika mwaka wa 1885. Katika mwaka huo nyumba hiyo ilitikiswa kutoka nje na kutoka ndani kwa wakati mmoja. Walioisimulia habari hiyo wameshughulika zaidi na mtikisiko wa nje. Swali la maadili limelala ndani.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, aliacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Miongoni mwao walikuwa Barghash na mdogo wake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1859 Barghash alipomwasi kaka yao Majid, Salme, binti wa miaka 15 aliyejifunza kuandika kwa siri, alikuwa mwandishi wa barua za waasi. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, shamba la Marseille walikojizatiti wafuasi wake likaangushwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid. Barghash hakulipenda jambo hilo.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri, ndani ya manowari ya Kiingereza, akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Agosti 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki, na Barghash akakalia kiti. Mwaka 1875, Barghash alipozuru London, Salme alifunga safari kwenda huko apate kumwona. Wakubwa wa Uingereza wakamzuia.

Ukaja mwaka 1885. Tarehe 27 Februari Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wake, kwa hoja ya mikataba aliyoikusanya Karl Peters bara katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, na Waingereza, aliowategemea kwa miaka mingi, hawakusimama naye. Akakubali. Na katika mwezi huohuo, chini ya kivuli cha manowari hizo, aliwasili dada yake pamoja na wanawe. Alitaka mirathi yake na alitaka kupatana. Watu wa mji walipomwona njiani walimlaki na kumsalimu. Kaka yake hakumjibu neno.

Je, Barghash alikosea?

Wanaomtetea wana hoja, na haki itendeke kwa kuisikiliza. Kwa sheria ya dini ya nyumba ile, aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Barghash hakuitunga sheria hiyo wala hakuwa na uwezo wa kuibadili. Isitoshe, mgeni huyu hakuja kama dada ajavyo. Alikuja na mizinga nyuma yake. Ni kaka gani atakayefungua mlango kwa furaha hali dada amesindikizwa na wanaokuja kumnyang'anya nyumba?

Hoja hii ina nguvu, ila nguvu yake inaishia mahali fulani. Sheria ilizungumzia mali, haikuzungumzia salamu. Mafundisho ya dini ileile yanatenganisha mambo haya mawili waziwazi. Inajulikana katika hadithi kuwa Asmaa binti Abubakar alimuuliza Mtume kuhusu mama yake, ambaye hakuwa Mwislamu, naye akaamrishwa amuunge. Kurithi ni haki yenye masharti. Kuunga udugu ni wajibu unaobaki hata haki ile inapoondoka. Basi Barghash angeweza kumwambia dada yake, “Mirathi huna,” na bado akamuuliza hali ya wanawe. Aliposhika neno la sheria ili akwepe neno la udugu, aliitumia sheria kama pazia.

Salme naye hakuwa bila lawama. Alijua, au ilimpasa kujua, kwamba Bismarck hakuituma merikebu kwa kumhurumia mjane. Madai yake yalikuwa kijiti cha kumchochea Sultani, na Sultani alipokubali matakwa ya Wajerumani, kijiti kilitupwa.

Tena lipo swali ambalo mtu wa Nanyamba ana haki ya kuliuliza kuliko mwingine yeyote. Mali yenyewe iliyogombaniwa ilikuwa nini? Ilikuwa mashamba na majumba, na mashamba yale yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wameteremshwa pwani kutoka nchi za kusini, kupitia bandari za Kilwa na Mikindani. Katika kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1886, Salme aliutetea utumwa wa kwao. Kwa nini basi mjukuu wa waliotekwa amlilie binti wa mfalme aliyenyimwa fungu lake?

Jibu halipatikani kwa kulisahau jambo hilo, bali kwa kulifuata hadi mwisho. Mzee wa Nanyamba, akisimuliwa kisa hiki, angeuliza kwanza: mama yao mmoja? La. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Mama yake Salme, Jilfidan, alitoka Circassia. Wote wawili walikuwa masuria. Jilfidan alitekwa angali mtoto mdogo, akatenganishwa na kaka yake na dada yake, asiwaone tena maishani. Basi katika nyumba ile ya kifahari, kila mama alikuwa dada wa mtu aliyepotezwa, na kila mtoto hakuwa na mjomba. Utumwa hauibi mikono ya kulima tu. Humwibia mtu kaka yake. Nyumba iliyojengwa juu ya wizi huo ilizaa watoto waliojua kudaiana kuliko kuungana. Dhambi iliyowatenga ndugu wa Ruvuma ndiyo iliyokaa mezani kwa Sultani.

Wahenga walinena: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Maana yake, mgeni asiingie baina ya ndugu, kwani ugomvi wao utakwisha naye ataumbuka. Wajerumani waliipindua methali hii. Ndugu walipogombana wao walishika kapu, na hawakuwa wamelima.

Hapa yafaa kujihadhari na somo jepesi. Si kweli kwamba Barghash angelimkumbatia dada yake angeliokoa nchi yake. Manowari zingalikuwapo palepale. Mwishoni mwa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao, wakamwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kutoka mto Minengani katika ghuba ya Tungi hadi Kipini. Nanyamba, iliyo ndani zaidi, ikaangukia upande wa Wajerumani bila mtu wake hata mmoja kuulizwa. Februari 1887 Wareno wakaipiga Tungi kwa mizinga, wakaitwaa. Tarehe 27 Machi 1888 Barghash akafariki. Mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa akatia saini ya kuikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1890 Wajerumani wakaichukua moja kwa moja kwa mark milioni 4. Hakuna salamu ambayo ingalizuia hayo.

Na hili ndilo linaloifanya salamu ile kuwa nzito. Katika mwaka ambao kila kitu kilikuwa kikitoka mikononi mwake, bara, heshima, marafiki, lilibaki jambo moja ambalo wala Kaisari wala Malkia wa Uingereza hawakuweza kumpokonya: neno lake kwa dada yake. Hapo alikuwa Sultani kwelikweli. Mtu hupimwa zaidi kwa kile alichobakiwa nacho kuliko kwa kile alichonyang'anywa. Aliyedhulumiwa hujiona ana ruhusa ya kuwa mgumu kwa walio chini yake. Hudhani ugumu huo ni sehemu ya kujihami. Kumbe dhuluma ya mkubwa haifuti deni la ndugu. Madaftari ni mawili.

Salme alirudi tena Unguja mwaka huohuo wa 1888, na Khalifa naye hakumpokea. Akafariki Jena mwaka 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg. Yasimuliwa kuwa katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Ile mipaka iliyochorwa bila kuuliza ingalipo, na Ruvuma hadi leo ni mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili. Serikali zimebadilika juu ya vichwa vyao, kutoka ya Sultani hadi ya Mjerumani, ya Mreno, ya Mwingereza, na za wenyewe. Kote huko mtumbwi umeendelea kuvuka, kaka akienda kumjulia hali dada yake.