Zamu ya Juma

Banda letu liko Sinza, kando ya barabara, na kaka anayekaanga hatuulizi tunataka nini. Akituona wanne tunavuta viti vya plastiki, anaanza kuvunja mayai. Anatandaza chipsi kwenye kikaango, anamimina mayai juu yake, anasubiri yashike, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza vyote kwa mkupuo mmoja. Kachumbari juu, pilipili pembeni, na vijiti vya kuchokolea meno, ambavyo ndivyo uma zetu. Ukiletewa chipsi mayai na uma wa chuma, ujue umekaa mahali pa gharama.

Tangu tulipomaliza chuo tumekutana hapo kila Ijumaa, na hatujawahi kugawana bili. Wiki hii analipa mmoja, wiki ijayo mwingine. Hakuna anayeandika popote, lakini kila mtu anajua zamu ni ya nani.

Kiswahili kina maneno mawili ya kutenganisha mambo haya, na kizazi chetu karibu tumeyapoteza yote mawili. Kula bia ni kila mlaji kutoa fungu lake. Kula kikoa ni kulishana kwa zamu. (Siku hizi ukiwaambia wenzako mkale bia watakushangaa, bia inanywewa.) Tofauti inaonekana ndogo, lakini mimi naona ni kubwa. Mkila bia, hesabu inafungwa usiku uleule na mnaweza msionane tena. Kikoa kinaacha hesabu wazi. Umenilisha leo, kwa hiyo Ijumaa ijayo lazima nije, na nikija nitakulisha, na wewe utalazimika kurudi. Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika insha yake maarufu kuhusu zawadi mwaka 1925, alisema zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Nilimsoma mwaka wa pili, nikajibu swali lake kwenye mtihani, na sikuwaza hata mara moja kwamba alikuwa anazungumzia sahani yangu ya chipsi.

Kisha Juma akapoteza kazi. Juma si jina lake. Mkataba uliisha, haukuongezwa.

Ijumaa ya zamu yake nililipa mimi. Nikamwambia, "Usijali, mwanangu." Mzunguko uliofuata akalipa mwingine, naye akasema usijali. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu, zamu yake ilirukwa tu. Sasa hivi nikikumbuka, naona dalili zote zilikuwa mezani. Kwanza akaanza kuagiza chipsi kavu, bila mayai. Halafu akawa anafika akiwa "ameshakula", anakaa na chupa ya maji. Halafu akaacha kuja. Sisi watatu tukakubaliana kwamba amebadilika.

Je, tulimkosea? Kwa hesabu ya kawaida, hapana. Mtu hana hela, rafiki zake wanamlisha bila masimango, wema gani zaidi unautaka? Nilijitetea hivyo kwa miezi kadhaa. Nilisema pia kwamba marafiki hawahesabiani. Lakini kusema huhesabu ni rahisi ukiwa nacho. Yeye alikuwa anahesabu, kila sahani, na tulimnyang'anya njia pekee ya kupunguza ile hesabu.

Siku moja akatutumia ujumbe: Jumapili njooni kwangu, napika. Alikuwa amehamia Mbagala, chumba kimoja. Njiani nilisimama nikanunua kuku mzima wa kuchoma. Niliona nafanya akili. Hana kazi, atawezaje kulisha watu wanne?

Tulimkuta kibarazani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Pembeni jiko la mkaa, sufuria ya tembele, dagaa wa Kigoma tayari wamekaangwa na nyanya na vitunguu. Akatazama mfuko wangu.

"Nini hicho?"

"Kuku tu."

Akaupokea, akasema asante, akauweka juu ya kabati. Kisha akasonga ugali. Tulikula kwenye sinia moja, na naapa sijala tembele kama lile, tui zito, chumvi kidogo, pilipili mbuzi moja nzima inayoelea bila kupasuka. Tulicheka kama zamani. Ila chumba kizima kilinukia kuku ambaye hakuna aliyemgusa. Tulipoaga, Juma alinikabidhi mfuko wangu.

"Utamla kesho," akasema, bila hasira.

Nilimla Jumatatu usiku, nimesimama jikoni.

Wapo watakaosema Juma alizidisha, maana kwetu mgeni haendi mikono mitupu. Ni kweli, na ningebeba embe nne asingeona neno. Embe zingekaa kando ya chakula chake. Kuku yule alikwenda kuchukua nafasi ya chakula chake, aliingia mle chumbani akiwa ameshaamua kwamba sinia haitatosha. Na nikiwa mkweli zaidi, sikuogopa njaa peke yake. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayedaiwa asante. Ni mahali pazuri pa kukaa. Kupokea ugali wa mtu asiye na kazi, ukashiba, ukaondoka ukiwa na deni kwake, kunataka unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Bado kuna swali linanishinda. Juma alikuwa na tembele na nazi ya kukuna. Vipi yule ambaye hana hata hivyo, ambaye zamu yake haitafika kabisa? Tumwache nje ya kikoa ili tusimwaibishe? Nimejaribu kujibu kwamba kuna zamu zisizo za chakula, kwamba mwingine analeta hadithi, mwingine anaosha vyombo. Jibu hilo nalipenda, lakini ninalitilia shaka kwa sababu linamfaa zaidi mwenye kulipa.

Juma amepata vibarua sasa. Ijumaa iliyopita alirudi bandani, akaagiza mayai, na ilikuwa zamu yake. Sahani nne, 12,000. Akatoa noti, akatoa sarafu, akazipanga mezani akihesabu kwa sauti ya chini. Zilikuwa 11,000. Mfukoni nilikuwa na noti ya elfu, vidole vyangu viliigusa. Nikaviacha humohumo, nikatazama barabarani.

"Lete kesho, kaka," muuzaji akamwambia, akazikusanya sarafu.

"Kesho nitapita," Juma akasema.