Chembe ya mwisho ni ya nani?

Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005 mikononi mwa wageni. Mwaka 2013, ulipokuwa ukingoni mwa uhai wake, wageni wakauuzia STAMICO, shirika letu la madini. Tangu hapo kampuni yake ya STAMIGOLD imekuwa ikikamua kilichosalia.

Je, kukamua mabaki ni busara au ni tamaa? Nionavyo mimi, si kosa. Kuacha mali ardhini huku vijana hawana kazi nako kwaweza kuwa israfu. Hata wachimba mafuta baharini, kisima cha mwamba wa mchanga kikizeeka, humimina asidi ili kuyeyusha udongo ulioziba vinyweleo vya mwamba, mafuta yapite tena.

Lakini chembe ya mwisho ina gharama kuliko ya kwanza. Dhahabu ikipungua katika mwamba, gramu ile ile hudai mawe mengi zaidi yasagwe, na maji na sayanaidi zaidi. Dhahabu inasafiri hadi kwenye pete na mikufu yetu sisi watu wa mjini. Tope linabaki bwawani Biharamulo. Sisi tunalipa bei ya sonara. Je, bei ya lile tope analipa nani? Nahofia ni mtoto ambaye hajazaliwa.

Jirani yake, Ngara, ndiyo kwanza safari inaanza. Nikeli ya Kabanga imejulikana tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 Serikali ilipata hisa asilimia 16 katika Tembo Nickel. Tunashangilia hisa, na ni haki yetu. Ila nikeli ile imo katika mawe yenye salfa. Mawe ya namna hiyo yakichimbuliwa, yakakutana na hewa na maji, huzaa asidi yenyewe, na yasipodhibitiwa huendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa.

Anayekula mwanzo wa mali na kumwachia mwenzake deni la mwisho amedhulumu, hata kama karatasi zake zote zina mihuri. Kwa hiyo fedha za kufukia mashimo na kulinda maji zitengwe mgodi ungali na nguvu, na wanakijiji waambiwe ni kiasi gani. Mgodi uliozeeka hauna cha kutenga. Ngara wasisubiri kuzeeka ndipo waulize.