Bei Iliyoandikwa Ubaoni

Kuna swali la maadili ambalo sijawahi kuulizwa darasani, ila huulizwa kila ninapovuka mpaka wa Namanga: "Unajua bei ya leo?" Anayeuliza ameshika kitita cha shilingi za Kenya. Nikijibu najua, bei ni moja. Nikisita, ni nyingine.

Nyumbani ni Kimandolu, na shahada ya uzamili naisomea Nairobi. Hela ninayobeba ni ya mama, ya maziwa anayouza lita kwa lita. Kwa hiyo naulizia kiwango kabla ya safari, nabadilisha kwenye duka lenye leseni, nahesabu mwenyewe, na nikishahesabu, noti hazirudi mikononi mwa mtu kwa kisingizio chochote. Tuseme dukani shilingi ya Kenya inauzwa 20 za kwetu, na wa barabarani anataka 22. Kwa shilingi 20,000 za Kenya, tofauti ni 40,000 za Tanzania. Hayo ni maziwa mengi.

Je, yule wa barabarani ni mwizi? Sina haraka ya kumwita hivyo. Anashinda juani, mtaji ni wake, na fedha anazobeba zinamhatarisha. Faida ya kazi hiyo anastahili. Ninayoikataa ni faida ya pili, ile inayotokana na kusita kwangu. Ya kwanza angeweza kunitajia waziwazi. Ya pili akiitaja tu, inakufa.

Ndiyo maana naheshimu ubao wa viwango katika maduka rasmi. Una bei ya kununua na bei ya kuuza, na tofauti ya hizo mbili ni faida ya mwenye duka, imeanikwa kila mtu aione. Umeandikwa kabla hujafika, hivyo haujui kama wewe ni mjuzi au mgeni. Novemba 2018 Benki Kuu ilikagua maduka ya kubadilishia fedha Arusha, wanajeshi wakiwepo, na mengi yakafungwa kwa maelezo kwamba yalikiuka sheria. Sheria ina haki ya kufuatwa, lakini kila ubao ulioshuka ulimpunguzia msafiri mahali pa kulinganisha.

Sasa geuza upande. Jirani yetu, mama mtu mzima, alipewa zawadi ya dola 20 na mgeni. Alinijia: "Mwanangu, hii ni shilingi ngapi?" Ningetaja namba yoyote angeamini. Nilimtajia kiwango cha siku hiyo, nikamwambia pia kwamba noti ndogo mara nyingi hupewa bei ya chini kuliko noti ya mia, na kwamba aende benki. Alinishukuru kama niliyempa kitu, ilhali kilikuwa chake.

Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja hadi 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapahapa Arusha, ilisaini itifaki ya sarafu moja mwaka 2013. Lengo la 2024 likasogezwa hadi 2031. Siku hiyo ikifika, biashara ya Namanga itakwisha. Lakini fundi, dalali wa nyumba na mimi mwenye digrii tutaendelea kukutana na watu wasiojua bei. Kipimo changu ni kimoja: bei ninayoona aibu kuiandika ubaoni, nisimtajie mtu sikioni.