Sheria ya Watu na Haki ya Mungu



Tunajiuliza: jambo lisilokatazwa na sheria, Mungu naye amelikubali? Tutazame Google, kampuni ya intaneti inayopata mali kwa matangazo ya biashara. Fedha za matangazo ya Ulaya zilipitishwa Ireland, kisha Uholanzi, mwisho visiwa vya Bermuda, ambavyo wakati ule havikutoza kodi ya faida. Mwaka 2017 peke yake, karibu euro miliari 20 zilifika Bermuda kwa njia hiyo. Wakubwa wake walisema wamefuata sheria. Lakini mwaka 2019 walikubali kulipa Ufaransa karibu euro miliari 1, adhabu pamoja na kodi, ili kesi iishe.

Kwetu, mama muuza samaki analipa ushuru wa soko kila asubuhi. Yeye hana kisiwa cha kukimbilia. Tajiri akikwepa mzigo, maskini ndiye anaubeba.

Zakayo (Luka 19) hakuuliza sheria inamruhusu nini. Aliahidi kurudisha mara nne.

Na sisi, tunapotafuta kijia cha kupunguza ushuru au zaka, tunamficha nani? Mungu anaona hata Bermuda. Amina.