Ni Nani Aliyemwaga Jeli?

Hebu tuanze na seli shina, ile seli ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Cell. Walichukua seli shina za uboho wa mifupa wakazilaza juu ya jeli zenye ugumu tofauti. Chakula kilikuwa kilekile. Zilizokaa juu ya jeli laini kama ubongo zikaanza kufanana na seli za neva. Penye ugumu kama wa msuli, zikaelekea kuwa msuli. Pagumu zaidi, mfupa.

Wiki ya kwanza kemikali bado ziliweza kuzigeuza. Baada ya wiki kadhaa, basi tena. Wahenga wangecheka tu: samaki mkunje angali mbichi.

Kazi yangu ya habari imeniketisha mahakamani mara nyingi, nikisikiliza vijana wakisomewa mashtaka. Nje, mabishano huwa yaleyale. Mmoja anasema mtaa ndio uliomharibu. Mwingine anamjibu: mbona jirani yake katoka mtaa huohuo na leo ni mwalimu?

Utafiti ule haumpi ushindi yeyote kati yao. Seli haikai tu ikingoja kufinyangwa. Inaujua ugumu wa mahali ilipo kwa kushika na kuvuta. Watafiti walipozuia mayosini, protini inayoipa nguvu ya kuvuta, ugumu wa jeli haukuamua tena chochote. Yaani mazingira huiumba seli kwa kupitia juhudi ya seli yenyewe.

Seli si mtu, najua. Haina dhamiri wala haishtakiwi. Lakini kijana naye huvuta: anabisha hodi, anaomba kibarua, anaiga wakubwa, anajaribu bahati. Mikono ni yake, kwa hiyo ana la kujibu. Ila kile kinachomvuta naye hakukichagua. Ukimsamehe kila kitu, umemhesabu kama hana mikono. Ukimtwika kila kitu, umesahau kwamba jeli haikujimwaga yenyewe.

Hakimu humuuliza kijana, “Ulifanya nini?” Ni swali la haki. Sisi wazazi, walimu, wapanga miji, waandishi, tulikuwa wapi katika ile wiki ya kwanza? Katika kesi zote nilizoripoti, swali hilo sijalisikia likiulizwa.