Listi ya Wapiga Kelele

Kila aliyesoma hapa Kakuma anaijua ile listi. Mwalimu akitoka, monita anabaki na kalamu, na anayefungua mdomo anaandikwa. Mwalimu akirudi anasoma majina, wenye majina wanasimama. Mimi niliandikwa sana nikiwa mwanafunzi. Nilipoanza kusaidia kwenye masomo ya Jumamosi, mimi mwenyewe nikaagiza iandikwe. Watoto tisini na kitu chini ya mabati, saa nane mchana, sauti imeniisha. Sikufikiri mara mbili.

Kijana mmoja wa darasa la sita alikuwa juu ya listi wiki tatu mfululizo. Nikamwambia aende nyumbani, arudi na mzazi. (Sikuuliza kama anaye mzazi.) Hakurudi. Darasa likatulia, na niseme ukweli, nilifurahi.

Halafu nikaanza kuona benchi la nyuma haliandiki kitu. Walikaa pale watoto wanne waliotoka Burundi juzijuzi. Nikiwauliza wanatabasamu tu. Msichana mmoja akaniambia, "Ticha, yule uliyemfukuza ndiye alikuwa anawaambia." Kitabu ni cha Kiingereza, mimi naeleza kwa Kiswahili, yeye alikuwa anawapelekea kwa Kirundi. "Lakini pia alikuwa anatupigia stori za mpira," akaongeza. Yote mawili ni kweli.

Watu husema mmoja asiharibie tisini. Naiheshimu hoja hiyo. Kuna wasichana wanaoamka usiku kupanga foleni ya maji ili wawahi darasani, na haki yao ya kusikia somo si mchezo. Ila hoja hiyo inadhani mwalimu anajua nani anaharibu. Listi inahesabu sauti, haiulizi mtu alikuwa anasema nini. Tena monita hamwandiki binamu yake, tusidanganyane.

Sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Walimu wenzangu wakimbizi, wenye insentivu ndogo na mafunzo ya siku chache, wananiuliza: kiboko mmetunyang'anya, sasa hata kumtoa mtoto nje mnatukataza? Swali lao ni la haki, na wanaotuletea semina wangelisikiliza kabla ya kufungua karatasi zao. Sisemi kiboko kirudi, hapana. Nasema tu kwamba aliyepigwa kesho yake alikuwa bado yuko darasani. Sisi tunaomwonyesha mtoto mlango tunajiona wapole kwa sababu hatukumwachia alama, na huko nje kwetu ni jua na laga tu.

Nilimfuata kwenye bloku yao. Nilimkuta anafyatua matofali ya udongo, dada yake ameenda rasheni. Jumamosi iliyofuata alikuja. Nikamkalisha na wale wa nyuma, tukakubaliana: nikimaliza kueleza jambo nanyamaza, nainua mkono, naye anawaambia kwa sauti ya chini. Somo linaenda polepole, mada nyingine hatuzifikii. Stori za mpira bado zipo. Zikizidi namsimamisha mlangoni dakika tano, kisha namwita ndani mimi mwenyewe.

Mmoja wa wale wanne alikuwa ameshaacha kuja kabla hajarudi. Bado namuulizia.