Ketini Kwanza, Ndipo Mnunue Gari



Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia barua ndefu. Mume wake alifanya kazi katika kiwanda kimoja kwa miaka 24. Mwaka huu aliitwa ofisini pamoja na wenzake, akapewa barua ya kupunguzwa kazini, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa amerudi nyumbani. Kwa majuma mawili hakusema neno. Kisha siku moja akaja na picha ya gari. Ni vani kuukuu ambayo mwenyewe ameitia kitanda, jiko la gesi na tangi dogo la maji, ili watu wasafiri na kulala humo humo. Baba huyo akasema, "Tutanunua hii, tuzunguke nchi. Miaka yote hii nimekaa kiwandani na sijakuonyesha bahari."

Mama anaeleza kwamba kitindamimba wao bado yuko sekondari, nyumba yao ya mashambani haijaezekwa, na bei ya gari hilo ni zaidi ya nusu ya kiinua mgongo chote. Alipoiona picha alicheka, kisha akatamka neno ambalo sasa linamchoma moyoni: "Mtu asiye na kazi atatembea kwa pesa za nani?" Tangu usiku huo mume wake analala sebuleni. Naye mama anauliza, "Padre, nimzuie au nimtii?"

Ndugu yangu, usimcheke mama huyu, wala usimcheke mume wake. Jambo hili laweza kubisha hodi kwako kesho. Kwako huenda lisiwe gari la kutembelea. Huenda likawa matatu, au shamba la mbali usilolijua mipaka. Mshahara ukikatika na pesa nyingi zikaingia siku hiyo hiyo, hata kichwa cha mtu mwenye busara huzunguka.

Tuyatazame Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Tobiti, sura ya pili, kinatusimulia habari za mtu mwenye haki aliyezoea kuwasaidia wengine. Tobiti akapofuka, asiweze tena kuilisha nyumba yake. Mke wake, Ana, akaanza kufanya kazi ya kufuma kwa malipo. Siku moja waliomwajiri wakampa mwana-mbuzi juu ya ujira wake. Mbuzi alipolia nyumbani, Tobiti alidhani ameibwa, akataka arudishwe kwa wenyewe. Ana naye hakunyamaza. Alimwuliza mumewe sadaka zake na wema wake wote vimemletea nini. Tobiti akahuzunika sana, hata akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Je, ugomvi ule ulikuwa wa mbuzi? La, hasha. Mtu aliyezoea kutoa alikuwa amegeuka kuwa wa kupewa, na aibu yake ilitafuta mahali pa kutokea. Mke naye alikuwa amechoka, na uchovu wake ukatafuta mahali pa kutokea. Mbuzi alilia tu wakati mbaya. Basi, mama mpendwa wa Nakuru, gari lile ndilo mbuzi wenu. Msipoutazama uchungu ulio nyuma yake, mtaligombania mwaka mzima bila kupatana.

Nitaanza na wewe, baba. Kiwanda kimekuondolea kazi, hakikukuondolea utu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alitufundisha kwamba heshima ya kazi hutoka kwa mtu anayeifanya. Kwa hiyo mtu haipotezi heshima yake kazi inapokwisha. Wewe ni mume, ni baba, ni mwana wa Mungu, leo kama jana. Huna haja ya kununua kitu kikubwa ili majirani waone kwamba bado wewe ni mtu.

Pesa hizo nazo, zitazame vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema anayepunguzwa kazini alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, pamoja na siku za likizo anazodai, na apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo. Kwanza hakikisha umelipwa vyote. Kama una shaka, nenda kwenye chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Halafu piga hesabu: siku 15 mara miaka 24 ni siku 360. Maana yake ni kwamba jasho la miaka 24 limekuletea mshahara wa kama mwaka mmoja. Fungu lile linaonekana kubwa kwa sababu limekuja kwa mkupuo. Kwa kweli ni daraja la kukuvusha hadi kwenye riziki nyingine, na hakuna mtu anayeuza mbao za daraja angali katikati ya mto.

Gari nalo hula hata likiwa limesimama. Litataka bima, matairi, betri na fundi, na bei yake hushuka kila mwaka. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa nakugeukia wewe, mama. Katika hesabu una haki. Katika ulimi ulikosa, nawe unajua, ndiyo maana uliniandikia. Soma tena barua yako mwenyewe. Mume wako alipopoteza kazi hakukimbilia pombe, wala hakuzificha pesa. Alileta picha nyumbani na kusema hajakuonyesha bahari. Wako akina mama wengi ambao wangetoa machozi ya furaha kusikia neno hilo. Wewe ulisikia gari tu. Nenda sebuleni leo jioni, umwambie, "Baba watoto, nilikosa. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Mambo ya pesa yangoje kesho.

Kesho ikifika, fanyeni alivyofundisha Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14. Anasema kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kuchekwa. Angalia neno hilo: huketi kwanza. Ketini wawili, mezani, mkiwa na daftari na kalamu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Anzeni kwa Baba Yetu.

Jambo la kwanza, patana na mwenzako kwamba kwa miezi mitatu hamtanunua kitu chochote kikubwa. Wekeni pesa benki au katika chama cha akiba na mikopo, katika akaunti inayotaka sahihi zenu ninyi wawili.

Jambo la pili, andikeni mambo yasiyoweza kungoja: karo ya mtoto mpaka amalize shule, chakula cha mwaka mmoja, madeni, na mchango wa bima ya afya uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, ambao sasa ni juu yenu wenyewe. Andikeni pia kazi au biashara ambayo kila mmoja anaweza kuianza. Kinachobaki chini ya mstari ndicho mnachoweza kukijadili. Msikiongeze kwa mkopo wa hatimiliki ya nyumba yenu. Mama, sheria yetu inataka kibali chako kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ukiletewa karatasi ya aina hiyo, usitie sahihi kwa woga.

Jambo la tatu, safirini! Ndiyo, nasema safirini. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na kupumzika pamoja si dhambi wala si upuuzi. Subukia, kwenye mahali patakatifu pa Mama Maria, si mbali nanyi. Nendeni kwa matatu, mbebe chakula, msali Rozari, mrudi jioni. Mkitaka bahari, tangu mwaka 2017 iko reli mpya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kutoka huko mtafika Malindi, alikopita Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1542 akielekea India. Safari ya siku nne haitaumaliza mwaka wenu wa mshahara. Na kama mwenye vani atakubali, mkodishieni siku mbili kabla ya kununua, mjue kama mnaweza kulala humo mvua ikinyesha.

Miezi mitatu ikiisha, fungueni daftari tena. Kama hesabu inaruhusu na nyote wawili mnataka, nunueni gari, nami nitalibariki kwa furaha. Kama hairuhusu, mtaliacha pamoja, na hakuna atakayekuwa ameshindwa na mwenzake.

Mama, uliuliza kama umzuie au umtii. Jibu langu ni kwamba umfuate Mtume Paulo. Kabla hajasema neno lolote kwa wake au kwa waume katika Waraka kwa Waefeso, sura ya tano, anawaambia Wakristu wote wanyenyekeane wao kwa wao kwa kumcha Kristu. Siku ya arusi hamkuahidiana kupendana wakati wa mshahara tu. Mliahidiana raha na taabu, na taabu imefika. Ipokeeni mkiwa wawili.

Nawe msomaji ambaye bado una kazi, usingoje barua ya kupunguzwa. Jioni hii mwulize mwenzako swali moja: ni kitu gani ambacho umetamani tukifanye pamoja, nami sijawahi kukuuliza? Umsikilize mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu abariki nyumba yako, na Mtakatifu Yosefu mfanyakazi awaombee wote waliopoteza kazi. Amina.